Ndila Alivyokaa Mlangoni kwa Mkwe

Ndila wa Kanyangi hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote ya ile boma alikuwa nayo bwana yake Muindi, Mungu amlaze, mtu aliyeweza kuongea kutoka kanisani mpaka nyumbani na afike bado hajamaliza. Ndila yeye alikuwa anaongea na vitu. Akiweka sufuria chini polepole, watoto walijua kuna amani, mtu anaweza kuomba kitu. Akiiweka mpaka mfuniko uruke, wote wanatoka nje kutafuta kuni, hata kama kuni zimejaa jikoni. Mgeni akikaa sana, Ndila hakumwambia aende. Alichukua kikombe cha mgeni, akakiosha, akakifunika juu ya meza, akarudi kushona kiondo chake, kile kikapu cha mkonge. Mgeni mwenye akili alisimama. Asiye na akili aliongeza hadithi, na hao hawajaisha mpaka leo.

Watu walisema ni madharau. Wacha waseme. Ndila alitolewa shule darasa la pili akapewa mbuzi za baba yake achunge, na mbuzi hakuambii anaumwa wapi. Unaangalia masikio, unaangalia vile anasimama, unajua. Alisoma mbuzi kabla hajaanza kusoma watu, na alikuwa akisema watu ni rahisi zaidi, kwa sababu watu wanadhani wamejificha.

Kati ya watoto wake, aliyeshika hiyo lugha ni Ndinda, kitinda mimba. Wale wengine waliiogopa. Ndinda alikuwa anaijibu. Mama akirusha mfuniko, Ndinda anauokota, anaupangusa, anaurudisha kwa sufuria akiugonga kidogo, tii, na Ndila anageuka upande wa ukuta asionekane akicheka. Wakienda wawili shamba kuvuna ndengu, siku inaisha hawajasema kitu, na jioni kila mmoja anajua mwenzake ana nini kwa roho.

Ndinda akaolewa na Kaloki wa Tawa, kijana mwenye duka la dawa za mifugo.

Sasa hapa lazima mtu aelezwe mambo ya nthoni, maana siku hizi kuna watoto wa Ukambani wanaojua jina tu. Mama mkwe na yule kijana aliyeoa binti yake hawazoeani. Hawaangaliani usoni. Hawali meza moja. Mama haingii kwa nyumba ya kijana, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia anasimama kwa nyasi mpaka mwingine apite. Si chuki. Ni heshima. Umechukua mtoto wangu, mimi najua na wewe unajua, basi kila mtu akae upande wake.

Kaloki siku ya harusi alimkumbatia Ndila mbele ya kanisa nzima. Kumkumbatia! Mikono miwili, na mpiga picha akapiga. "Mama, hayo mambo ya nthoni ni ya zamani," akasema, "sisi tumeokoka." Watu wakapiga makofi, wajinga. Ndila alisimama ndani ya hiyo mikono kama gunia la mahindi, macho chini, mpaka akaachiliwa. Kesho yake alifua ile nguo, akaianika, ikakauka, akaifua tena.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri, ama ulifanana na mzuri. Ndinda alikuwa na cherehani kwa veranda ya duka, anashonea watoto yunifomu. Jioni alipiga simu, na kabla aseme neno alikuwa anacheka kwanza. Ndila alituma kiondo na watu wanaoenda Tawa, ndengu kidogo, mbaazi kidogo, na kiondo kilirudi na kitu ndani. Sukari, sabuni, siku nyingine chumvi tu imefungwa kwa gazeti. Kiondo hakirudishwi kwa mwenyewe kikiwa tupu. Hata mtu akiwa hana kabisa, atatupa jani la sukuma wiki ndani.

Mtoto akazaliwa, msichana, akaitwa Ndululu kwa jina la marehemu mama yake Kaloki. Baada ya huyo mtoto cherehani ikauzwa. "Kaloki ameona haina haja," Ndinda akasema. Halafu kule kucheka kukaisha. "Mwaitu, niko sawa," alimwambia mama yake, na sauti ilikuwa inagonga ukuta na kurudi, vile simu inafanya ikiwekwa spika na mtu mwingine amekaa hapo kando anasikiliza.

Ndila akamuuliza mvua. Mvua iko sawa. Akamuuliza mtoto. Mtoto yuko sawa.

"Na kuku wako?" Ndila akauliza.

Ndinda hakuwa na kuku. Hajawahi kufuga hata mmoja pale Tawa.

"Kuku wako sawa, mwaitu," akasema.

Ndila aliweka kale kasimu kake ka kabambe juu ya meza na akakaangalia kwa muda mrefu.

Wiki hiyo kiondo kikarudi. Aliyekileta ni mama mmoja wa kanisa, mtu mzuri lakini macho yake ni ya kutafutia njia tu. Ndila alikipindua, akakikung'uta. Hakuna kitu. Hata vumbi la ndengu halikutoka. Mtu alikuwa amekipangusa ndani kwa kitambaa ndio kiwe tupu sawasawa.

"Alinipatia akiwa ndani ya grili ya duka," yule mama akasema. "Hakufungua. Labda alisahau kuweka kitu."

"Mtoto wangu hasahau," Ndila akasema, akaosha kikombe cha mgeni.

Akatuma ujumbe kwamba anataka kuona mjukuu. Jibu lilikuja na simu kutoka kwa mzee Kyule, ndugu ya baba yake Kaloki, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa hiyo familia.

"Mama Ndinda, Kaloki anasema wewe ni mama mkwe. Kuna nthoni. Haifai uonekane kwa boma yake."

"Kaloki amesema nthoni?"

"Ndiyo. Anasema yeye anaheshimu mila."

"Tangu lini?"

Mzee Kyule akakohoa huko aliko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda chai yake inyweke bila kelele.

"Basi mwambie nimesikia," Ndila akasema. "Akitaka nthoni, tutakuwa na nthoni."

Siku ya soko Tawa, Ndila alishuka pale na kiti chake kidogo cha miguu mitatu, kiondo ambacho hakijaisha kushonwa, na nyuzi za mkonge kwa bega. Hakuuliza njia. Alifika mbele ya duka la Kaloki akakuta grili imefungwa na kufuli ya nje, kubwa kama ngumi. Nyumba yenyewe iko nyuma ya duka, na hakuna mlango mwingine. Ukitaka kuingia ama kutoka, ni hapo kwa grili.

Kando ya duka kulikuwa na mama anauza nyanya na kabeji, anaitwa Wacuka, ama Mama Ciku kwa jina la mtoto wake, Mkikuyu wa kutoka Murang'a aliyekaa Tawa mpaka jua limemzoea.

"Shosho, hapo kumefungwa," Wacuka akamwambia. "Mwenyewe ameenda kuleta dawa. Kuja ukae kwa kivuli."

"Hapa ni kuzuri," Ndila akasema, akaweka kiti mbele ya grili, katikati kabisa, akakaa. Miguu akainyoosha mpaka ikafika kwa ngazi. "Anafunga hivi kila siku?"

"Akitoka tu. Anasema Tawa kuna wezi."

"Na bibi yake anafungiwa na dawa?"

Wacuka akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapanga nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa. Hilo nalo ni jibu.

Basi Ndila, mtu ambaye hajawahi kupaza sauti hata kwa mbuzi, akaanza kuongea kama mtu wa kutangaza mnada. "HAYA MAMA! MIMI NI NDILA WA KANYANGI! NYANYA YAKO NI NZURI SANA! KWETU MVUA IMENYESHA!" Wacuka alishtuka, akafikiri jua limempanda mzee kwa kichwa. Lakini Ndila alishanyamaza. Alikuwa ameelekeza sikio kwa mlango.

Halafu kutoka huko nyuma ya duka, kinu kikaanza. Mtu anatwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda. Du. Halafu kimya. Du.

Kila nyumba ya Mkamba ina kinu na kila mkono una njia yake ya kutwanga. Ndila alikuwa ametwanga na Ndinda tangu mtoto alipoweza kuinua mchi. Ndinda anatwanga haraka, mikono miwili, na kila baada ya kidogo anagonga ukingo wa kinu kwa maringo. Huyu wa leo alikuwa anainua mchi kwa shida, unashuka kando, unakwama, unainuliwa tena. Du. Kimya. Du.

Ndila aliacha kushona. Sindano ilibaki hewani.

"Anatwanga na mkono mmoja," akasema.

"Nani?" Wacuka akauliza.

"Mkono wa kushoto. Na yeye si wa kushoto."

Wacuka akatega sikio, hakusikia kitu isipokuwa mtu anatwanga mahindi. Lakini aliona uso wa Ndila, akaacha nyanya zake, akaja akasimama karibu. Ndila aliokota jiwe kwa ngazi, akagonga chuma cha grili mara moja. Ndani mchi ukagonga ukingo wa kinu, kidogo, tok. Halafu ukanyamaza.

Jua lilikuwa limesimama Kaloki alipofika na pikipiki, makatoni ya dawa yamefungwa nyuma. Wateja walikuwa wameshajaa wakimngoja, wazee wa mbuzi na ng'ombe, na kila mmoja alikuwa ameona ni nani amekaa pale na amekaa vipi. Kaloki akaona mama mkwe. Akasimamisha pikipiki mbali, karibu na duka la kinyozi. Funguo ilikuwa kwa mfuko wake, kufuli ilikuwa kwa grili, na katikati ya hizo mbili kuna Ndila, amenyoosha miguu, macho kwa kiondo chake.

Hakuweza kuja. Hakuweza hata kumsalimia. Yeye mwenyewe alikuwa ametangaza kwa wazee wa ukoo kwamba ameshika nthoni, na hao wazee ndio hawa wamesimama hapa na mbuzi zao. Amruke mama mkwe mbele yao? Afadhali avue suruali.

Akaanza kupitishia maneno kwa Wacuka, kwa sauti, kutoka kwa kinyozi.

"Mama Ciku! Hebu mwambie huyo mama asogee kidogo nifungue kazi!"

Wacuka akaangalia Kaloki, akaangalia Ndila aliye hapo miguuni pake. "Shosho, umesikia?"

"Mwambie sijamfungia," Ndila akamwambia Wacuka. "Kufuli ni yake."

"Anasema kufuli ni yako!"

"Mwambie ni vizuri aende apumzike kwa mzee Kyule, nitamletea chai!"

"Mwambie chai nilikunywa Kanyangi."

"Anasema alikunywa," Wacuka akapaza. "Lakini nyinyi si mnasikiana? Mbona mnanichokesha mimi?"

Wateja wakacheka. Kaloki hakucheka. Akachukua simu, na baada ya kidogo akaja pasta Kiilu, shati jeupe, mdomo kama mfereji ulioachwa wazi.

"Mama, Bwana asifiwe."

"Asifiwe."

"Mama, hizi mila ni za mwili. Sisi tuko chini ya neema. Huyu ni kijana wako, anataka tu kupita."

"Si apite."

"Lakini umekaa kwa mlango."

"Kama ni neema inamfanya apite, mwambie aje. Mimi sitamshika mguu. Aruke tu."

Pasta akageuka kumwangalia Kaloki. Kaloki akaangalia pikipiki. Pasta akakumbuka kuna mgonjwa wa kuombea mahali, akaenda, na hakuna aliyemuuliza ni mgonjwa gani.

Sasa hapo ndipo Kaloki alifanya ujinga wake mkubwa. Angenyamaza, labda jioni ingefika, labda Ndila angeambiwa na wazee arudi nyumbani kesho waongee. Lakini mtu wa uongo hawezi kuona watu wamenyamaza, anafikiri wanamngoja yeye.

"Mama Ciku!" akaita. "Mwambie mama hata akikaa hapo anajisumbua! Ndinda hayuko! Ameenda Machakos na mtoto tangu jana, kwa semina ya akina mama!"

Du.

Kila mtu alisikia. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga mbuzi aliacha kamba.

Du. Na nyuma yake mtoto akalia.

Wacuka akashika kiuno. "Na huyo anayetwanga ni nani?" akauliza, na mara hii hakuambiwa na mtu yeyote aulize. "Kaloki! Ni mwizi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Kyule alikuwa kati ya wale wateja, na muda huo wote alikuwa amejificha nyuma ya kofia yake. Akatoka. Akaenda mpaka kwa Kaloki, akanyoosha mkono, kiganja juu. Hakusema toa. Kaloki akasema, "Baba mdogo, wacha nikueleze." Mkono ukabaki hapo. Akasema ni mambo ya nyumba. Mkono ukabaki hapo. Ulikuwa mkono wa mzee, na watu wote wa soko walikuwa wanauangalia vile haurudi. Kaloki akatoa funguo.

Kyule alimwekea Ndila hiyo funguo kwa mkono akiwa ameinama, na akarudi nyuma. Ndila akafungua kufuli, akasukuma grili, akavuta kiti chake kando. Hakuingia. Nthoni ni nthoni, na Kaloki ndiye aliitaka.

Ndinda akatoka. Mtoto alikuwa mgongoni amefungwa na leso kuukuu, na leso nyingine ilikuwa imefunga mkono wa kulia kwa kifua. Vidole vilikuwa vimevimba vikang'aa kama ndizi mbivu. Alisimama kwa ngazi akikunja macho kwa sababu ya jua. Mama na mtoto hawakusalimiana. Ndila alishika vile vidole, kimoja kimoja, akaangalia kama vinapata damu, akaviachilia.

Soko ya Tawa haina adabu, watu wanapigiana kelele hapo kuanzia asubuhi. Leo watu waliacha biashara zao. Wacuka akamtoa mtoto mgongoni akambeba. Yule mzee wa mbuzi akafungua mbuzi wake, akamvuta akaenda upande mwingine wa barabara, kwa duka lingine la dawa. Mwingine akamfuata. Hakuna aliyemtukana Kaloki. Walipita mbele yake mmoja mmoja, na wale waliozoea kumpa mkono walipita na mikono kwa mfuko.

Ndila akasimama. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu huyo kijana alipolipa mbuzi za kwanza za mahari, akamwangalia usoni. Sawasawa, bila kupepesa, vile unaangalia mtu wa kawaida wa njiani. Wamakueni na Wakitui waliokuwa hapo walielewa, na wanawake wawili wakafunika midomo. Mama mkwe hamwangalii mkwe wake hivyo. Akikuangalia hivyo, basi wewe si mkwe wake tena. Kaloki alielewa pia, maana alianza kusema "Mama, mama, mama," na safari hii alisahau kupitishia kwa Wacuka.

Baadaye alituma watu Kanyangi, na mbuzi, na mzee Kyule akiwa mbele na kofia kwa mkono. Mbuzi hakufunguliwa kamba na wageni hawakupewa hata maji. Kuna watu wanasema Ndila alizidisha. Wapeleke mabinti wao Tawa basi.

Lakini siku hiyo ya soko kulikuwa kwanza na mkono. Walikaa kwa benchi ya kliniki, Ndinda na mama yake, na Wacuka na mtoto, ambaye alikuwa amepewa nyanya na amejipaka yote. Sista akaja, akafungua ile leso taratibu, akavuta pumzi.

"Huu umevunjika siku nyingi. Ilikuwa nini?"

"Nilianguka," Ndinda akasema. "Kwa choo. Kulikuwa na maji."

Alisema haraka, kama kitu alichokariri. Sista akaangalia Ndila. Ndila akaangalia ukuta. Angeweza kusema yeye. Alijua kila kitu, alikuwa amekisoma kwa kiondo na kwa kuku na kwa kinu, na mdomo wake ulikuwa umejaa. Lakini alijua pia kwamba kinu hakiendi kituo cha polisi kuandikisha, na mama akisema, wataandika ni mama mkwe mkorofi.

"Ndinda," akasema.

"Mwaitu."

"Mimi na wewe tumeelewana miaka yote bila kelele. Mimi nilisikia. Hata ungenyamaza kabisa ningesikia. Lakini huyu sista hajui lugha yetu, na askari hajui. Hii ya leo inataka mdomo. Siwezi kukukopesha wangu."

Ndinda akaangalia mkono. Mtoto akamnyooshea kipande cha nyanya, akakikataa kwa kichwa. Ndila hakumgusa, hakumhimiza. Alikaa tu, amenyoosha miguu vile alivyokuwa amekaa kwa ule mlango, kama mtu ambaye anaweza kukaa mpaka mvua ya mwaka mwingine.

"Ni Kaloki," Ndinda akasema, chini.

"Sikusikia vizuri," sista akasema. Labda alikuwa amesikia.

"Ni Kaloki alinivunja!" Watu wa benchi nyingine wakageuka. "Na mchi. Alinivunja na mchi wa kinu, halafu akanifungia."

Sista akaweka mkono wake kwa bega la Ndinda, akaenda kuita daktari. Na Ndinda hakunyamaza. Alianza na cherehani, akaja kwa simu, akaja kwa kanisa alivyokatazwa, akarudi kwa cherehani tena. Ndila alisikiliza yote, kichwa kimeinama, na kila Ndinda aliposimama kupumua alimuuliza neno moja tu.

"Halafu?"